WJFD-FM

'''WJFD-FM''' ni kituo cha redio cha kibiashara kilichopo katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kinatangaza kwa lugha ya Kireno kwenye masafa ya megahezi 97.3 za FM, kwa nguvu ya wati 50,000. Mwaka 1975 kituo hicho kilinunuliwa na mwanasheria na mwanasiasa Edmund Dinis, mzaliwa wa visiwa vya Azori. Chini yake kilipata jina lake la sasa na kikawa redio ya jamii ya Wareno wa eneo hilo.

Redio za lugha za wahamiaji nchini Marekani kwa kawaida hupatikana kwenye mawimbi ya AM, kwenye minara yenye nguvu ndogo, au kwa saa chache tu kwa wiki ndani ya kituo cha Kiingereza. WJFD-FM ni tofauti kwa sababu ina masafa yake yenyewe, kwenye FM, kwa kiwango kikubwa cha nguvu kinachoruhusiwa katika sehemu hiyo ya nchi. Kwa sababu hiyo hutajwa mara nyingi kama mfano wa kituo cha mji kilichobadilisha vipindi vyake ili kuhudumia watu wa lugha moja.

## Jina

Nchini Marekani kila kituo cha redio hupewa alama ya herufi na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, inayojulikana kwa kifupi kama FCC. Kwa kawaida vituo vilivyo mashariki ya mto Mississippi huanza na herufi W, na vile vya magharibi huanza na K. Herufi zinazofuata huweza kuchaguliwa na mwenye kituo, mradi hazitumiwi na kituo kingine.

Herufi JFD ni vifupisho vya jina la Jacinto F. Diniz, baba yake Edmund Dinis. Baba na mwana waliandika jina la ukoo kwa namna mbili, mmoja kwa z na mwingine kwa s, jambo ambalo ni la kawaida katika familia za wahamiaji ambazo majina yao yaliandikwa na makarani wa nchi nyingine.

Sheria inakitaka kila kituo kitaje alama yake na jina la mji wake wa leseni karibu na mwanzo wa kila saa. Hivyo kila saa wasikilizaji wa New Bedford husikia vifupisho vya jina la Mreno mmoja.

## Mji na wasikilizaji wake

New Bedford upo kwenye mlango wa mto Acushnet, ufukweni mwa ghuba ya Buzzards. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 101,000. Katika karne ya 19 ulikuwa mji mkuu wa uwindaji wa nyangumi nchini Marekani, na mwandishi Herman Melville aliufanya kuwa mahali pa kuanzia riwaya yake ''Moby-Dick'' ya mwaka 1851.

Uhusiano wa mji huo na watu wa lugha ya Kireno ulianza na merikebu hizo. Safari ya nyangumi ilichukua miaka miwili, mitatu au zaidi. Manahodha walipovuka Atlantiki walitia nanga Azori na Cabo Verde ili kuchukua maji, vyakula na mabaharia. Vijana wa visiwa hivyo walipanda merikebu, na wengi wao walishukia New Bedford mwisho wa safari na kubaki huko. Mwaka 1871 ilianzishwa huko parokia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, parokia ya kwanza ya Wareno katika Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1905 Wakabovede walianzisha parokia yao wenyewe, ya Mama Yetu wa Kupalizwa Mbinguni.

Uwindaji wa nyangumi ulipofifia, mji uligeukia viwanda vya nguo za pamba. Viwanda hivyo, pamoja na vile vya mji jirani wa Fall River, viliajiri maelfu ya watu kutoka Azori na Madeira, wanawake kwa wanaume. Baadaye uvuvi ulichukua nafasi kubwa katika uchumi. Tangu miaka ya 2000 New Bedford imehesabiwa kwa miaka mingi kuwa bandari ya uvuvi yenye mapato makubwa kuliko zote Marekani, hasa kwa sababu ya kombe, na Wareno ni miongoni mwa wavuvi wake wa tangu zamani.

Uhamiaji haukwenda kwa mfululizo, ulipanda na kushuka kufuatana na sheria:

* Mwaka 1917 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapima wahamiaji kusoma. Visiwani Azori, ambako shule zilikuwa chache, sheria hiyo iliwazuia wengi.
* Mwaka 1924 uliwekwa mgawo wa idadi kwa kila nchi, na mgawo wa Ureno ulikuwa mdogo sana. Kwa zaidi ya miaka 30 Wareno wachache tu waliweza kuingia.
* Mwezi Septemba 1957 volkeno ya Capelinhos ililipuka kando ya kisiwa cha Faial, Azori, na kuendelea kutoa majivu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nyumba na mashamba yalifunikwa. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapokea wakimbizi wa Azori, iliyopiganiwa na maseneta John Pastore wa Rhode Island na John F. Kennedy wa Massachusetts.
* Mwaka 1965 mgawo wa mataifa ulifutwa, na jamaa wa raia na wakazi wakapewa kipaumbele.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kati ya mwaka 1961 na 1970 Marekani iliwapokea wahamiaji wapatao 76,000 kutoka Ureno, na katika miaka 10 iliyofuata wengine wapatao 102,000. Sehemu kubwa yao walitoka Azori na wakafikia Massachusetts na Rhode Island, kwa ndugu zao. Katika sensa ya mwaka 2000 zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa New Bedford walijitaja kuwa na asili ya Ureno, na katika mji wa Fall River walikuwa zaidi ya asilimia 40.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1970 eneo hilo lilikuwa na makundi mawili kwa pamoja: wajukuu wa wahamiaji wa zamani, waliozungumza Kiingereza, na maelfu ya watu waliofika karibuni, wanaofanya kazi viwandani na baharini, ambao Kiingereza chao kilikuwa kidogo au hakikuwepo kabisa.

## Redio ya Kireno kabla ya 1975

Kireno kilisikika katika redio za New England miongo mingi kabla ya WJFD. Vipindi hivyo vilikuwa na utaratibu wake. Mtangazaji alinunua saa moja au mbili kutoka kituo cha Kiingereza, mara nyingi siku ya Jumapili au saa ambazo wasikilizaji wa kawaida walikuwa wachache. Kisha alitafuta mwenyewe wafanyabiashara wa kutangaza bidhaa zao, akasoma habari, akapiga sahani za santuri na kutoa taarifa za misiba na sherehe. Alichobakiwa nacho baada ya kulipa kituo ndicho kilichokuwa pato lake.

Mmoja wa waanzilishi wa vipindi hivyo alikuwa Affonso Gil Mendes Ferreira (1899–1992). Jina lake limehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Wareno wa Marekani ya Ferreira-Mendes, iliyo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Dartmouth, jirani na New Bedford.

Utaratibu wa kununua saa ulikuwa na udhaifu ulio wazi. Mwenye leseni ndiye aliyeamua. Akipata mteja wa kulipa zaidi, au akibadilisha mpango wa kituo, kipindi cha lugha ya kigeni kiliweza kuhamishwa au kuondolewa. Tena habari haingoji Jumapili: mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyetaka kujua kama barabara zimefungwa kwa theluji hakuweza kusubiri kipindi cha wiki ijayo.

Magazeti yaliziba sehemu ya pengo hilo. New Bedford ulikuwa na gazeti la kila siku la Kireno, ''Diário de Notícias'', lililotoka kwa jina hilo tangu mwaka 1927. Lilifungwa mwaka 1973. Gazeti la wiki la ''Portuguese Times'' liliendelea kuchapishwa mjini, lakini habari ya kila siku kwa Kireno haikuwa na chombo kama kile cha zamani.

## Mabadiliko ya 1975

Edmund Dinis alizaliwa Azori mwaka 1924 na kulelewa New Bedford. Alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo, kisha mwendesha mashtaka wa wilaya ya kusini mwa Massachusetts. Nje ya jimbo alijulikana hasa kwa kesi ya Chappaquiddick ya mwaka 1969, kuhusu kifo cha Mary Jo Kopechne katika gari lililoendeshwa na Seneta Edward Kennedy, kwa kuwa kisiwa hicho kilikuwa katika eneo lake la kazi. Baada ya kuondoka katika nafasi hiyo alirudi kwenye uwakili na biashara.

Mwaka 1975 alinunua kituo cha FM kilichokuwa kikitumia masafa ya 97.3 kwa alama nyingine ya herufi. Mambo matatu yalifanya hatua hiyo iwezekane.

'''Uraia.''' Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 haimruhusu mtu asiye raia wa Marekani kupewa leseni ya kituo cha utangazaji, na inaweka mipaka kwa makampuni yenye hisa za wageni. Mhamiaji mpya, hata akiwa na fedha, hakuweza kununua kituo kwa jina lake. Jamii ilihitaji mtu aliyekuwa Mreno kwa asili na raia kwa sheria, tena mwenye kujua namna ya kushughulika na ofisi za serikali.

'''Bei na nafasi ya FM.''' Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasikilizaji wengi wa Marekani walikuwa bado kwenye AM, na magari mengi yalikuwa na redio ya AM pekee. FM ilipita AM kwa idadi ya wasikilizaji karibu na mwisho wa muongo huo. Aliyenunua kituo cha FM mwaka 1975 alinunua kabla thamani yake haijapanda.

'''Hesabu ya wasikilizaji.''' Kituo cha Kiingereza cha New Bedford kilishindana na vile vya Boston na Providence, miji miwili mikubwa iliyo karibu. Katika ushindani huo kituo cha mji mdogo hugawana wasikilizaji na wengine wengi. Kituo cha Kireno kilikuwa na watu wachache zaidi wa kuwavutia, lakini hakikuwa na wa kugawana nao. Mwenye duka la mikate, wakala wa safari za ndege za Azori au kampuni ya bima iliyotaka kuwafikia Wareno ilijua mahali pa kwenda.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa misukosuko kwa watu wa lugha ya Kireno popote walipokuwa. Mapinduzi ya Aprili 1974 yalikuwa yameangusha utawala wa kidikteta mjini Lisbon. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Cabo Verde tarehe 5 Julai, na Angola tarehe 11 Novemba. Azori nako kulikuwa na kundi lililotaka visiwa vijitenge na Ureno. Familia za New Bedford zilikuwa na vijana waliopigana Afrika, jamaa waliokuwa wakikimbia kutoka makoloni, na ndugu visiwani. Haja ya habari katika lugha inayoeleweka nyumbani ilikuwa kubwa.

## Leseni na sheria ya kubadilisha vipindi

Katika lugha ya watu wa redio, mpangilio mzima wa vipindi vya kituo, yaani aina ya muziki, kiasi cha habari na lugha inayotumika, huhesabiwa kuwa kitu kimoja kinachoweza kubadilishwa kwa pamoja. Vituo vya Marekani hufanya hivyo mara kwa mara wapatapo mwenye mali mpya. Swali lililosumbua mahakama katika miaka ya 1970 lilikuwa hili: je, wasikilizaji wa vipindi vya zamani wana haki ya kupinga?

Mwaka 1974 Mahakama ya Rufaa ya mji wa Washington iliamua, katika kesi ya kituo cha WEFM cha Chicago, kwamba pale ambapo kituo cha pekee cha aina yake kinataka kubadilika, na wasikilizaji wengi wanalalamika, FCC inapaswa kufanya uchunguzi. Tume yenyewe haikupenda jukumu hilo. Ilidai kwamba soko, si ofisi ya serikali, ndilo lenye kujua watu wanataka kusikia nini.

Mahakama Kuu ya Marekani ilimaliza ubishi mwaka 1981, katika kesi ya ''FCC dhidi ya WNCN Listeners Guild'', ambayo ilianza na kituo cha muziki wa kale wa Ulaya mjini New York. Iliamua kwamba tume ina haki ya kuliachia soko suala la aina ya vipindi.

Uamuzi huo una pande mbili kwa redio za lugha za wachache. Upande mmoja, anayetaka kukigeuza kituo cha Kiingereza kuwa cha Kireno hahitaji kibali cha lugha wala kuthibitisha kwamba wasikilizaji wa zamani hawataumia. Upande wa pili, kituo cha Kireno nacho hakina ulinzi wowote. Mmiliki mpya anaweza kuondoa lugha hiyo hewani kwa uamuzi wake peke yake, hata kama hakuna kituo kingine cha kuchukua nafasi yake. Leseni hutolewa kwa mji wa New Bedford. Haitolewi kwa Wareno wa New Bedford.

## Masafa na eneo la usikivu

Masafa ya megahezi 97.3 ni chaneli ya 247 katika mpango wa FM wa Marekani. Kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako miji imesongamana, vituo vikubwa vya FM huwekwa katika daraja linaloitwa B, ambalo ukomo wake ni wati 50,000 kutoka mnara wenye kimo cha wastani wa mita 150 juu ya ardhi inayouzunguka.

Kwa nguvu hiyo sauti ya kituo huvuka mipaka ya mji wa leseni. Husikika Fall River, katika sehemu kubwa ya Rhode Island pamoja na Providence, katika rasi ya Cape Cod, na kaskazini kuelekea vitongoji vya kusini vya Boston. Maeneo hayo ndiyo yenye makazi ya Wareno wengi zaidi katika New England. Jambo hili ni muhimu kuelewa: jamii iliyotawanyika katika miji kadhaa ya majimbo mawili, ambayo hakuna gazeti la mji mmoja lingeweza kuihudumia yote, ilipata mnara mmoja unaoifikia karibu yote.

## Vipindi

Kituo hutoa huduma ya jumla, kama zilivyokuwa redio za miji midogo zamani: habari, muziki, mazungumzo, michezo na matangazo ya jamii katika siku hiyohiyo. Habari hugawanyika katika mafungu matatu ambayo msikilizaji mhamiaji huyahitaji yote: za mji anamoishi, za Marekani, na za Ureno na visiwa vyake.

Mpira wa miguu wa Ureno una wafuasi wengi, na mahasimu wa Benfica, Sporting na Porto wapo New Bedford kama walivyo Lisbon. Kalenda ya mwaka hufuata pia sherehe za dini na za visiwa. Kubwa kuliko zote mjini ni Sikukuu ya Sakramenti Takatifu, iliyoanzishwa na wahamiaji wa Madeira mwaka 1915 na kufanyika kila mwezi Agosti. Fall River nako kuna sherehe kuu ya Roho Mtakatifu, ibada iliyoshika mizizi Azori kuliko mahali pengine popote.

Katika jamii ya aina hii tangazo dogo huwa na uzito wa habari. Taarifa ya msiba husikika na watu wa kijiji kimoja cha São Miguel waliotawanyika katika miji mitano. Maelezo ya namna ya kujaza fomu za uraia, za mafao ya uzee au za shule huwafikia watu ambao barua ya serikali iliyoandikwa kwa Kiingereza ingewapita.

## Nani anahudumiwa na Kireno

Neno "jamii ya Kireno" linaficha tofauti kadhaa. Watu wa Azori, hasa wa kisiwa cha São Miguel, wana lafudhi ambayo hata watu wa Lisbon hupata tabu kuifuata. Redio inayotumia Kireno sanifu huwafundisha pia namna nyingine ya kusema, na wapo wanaoona kwamba lafudhi ya nyumbani inastahili nafasi yake hewani.

Wakabovede ni wa pili kwa ukongwe mjini. Lugha yao ya nyumbani ni Kikreoli cha Cabo Verde, kilichozaliwa kutokana na Kireno na lugha za Afrika Magharibi. Wengi wao, hasa walioishi Marekani kwa vizazi vitatu au vinne, hawajioni kuwa Wareno, na Kireno kwao kilikuwa lugha ya shule na ya utawala wa kikoloni. Kituo cha Kireno huwafikia, lakini hakiwezi kudai kuwasemea.

Kundi la tatu ni Wabrazil, walioongezeka Massachusetts kuanzia miaka ya 1980. Lugha ni moja, lakini muziki, msamiati na habari wanazozitafuta ni tofauti. Wengi wao waliishi karibu na Boston na katika mji wa Framingham, mbali kidogo na New Bedford, na huko zilianza redio zao wenyewe.

## Lugha na vizazi

Suala kubwa kwa kituo chochote cha aina hii ni umri wa wasikilizaji. Uhamiaji kutoka Ureno ulipungua sana baada ya miaka ya 1980, hasa baada ya nchi hiyo kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Waliofika wakiwa vijana katika miaka ya 1970 ni wazee sasa. Watoto wao huzungumza lugha zote mbili, na wajukuu wengi huelewa Kireno bila kukizungumza.

Shule zilijaribu kusaidia. Mwaka 1971 Massachusetts lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya elimu ya mpito kwa lugha mbili, na watoto wa Wareno walikuwa miongoni mwa walionufaika. Mwaka 2002 wapiga kura wa jimbo waliifuta kwa kura ya maoni na kutaka mafunzo yatolewe kwa Kiingereza. Mwaka 2017 sheria mpya ilizirudishia shule uhuru wa kuchagua. Katika vipindi hivyo vyote redio ilikuwa mahali ambapo mtoto aliweza kukisikia Kireno cha watu wazima kuhusu mambo ya leo, si cha kitabuni tu.

Wapo wanaoliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Katika miji mingi ya Marekani husikika hoja kwamba redio ya lugha ya kigeni humchelewesha mhamiaji kujifunza Kiingereza. Wanaopinga hoja hiyo husema kwamba mtu mzima anayefanya kazi zamu mbili hajifunzi lugha kwa kunyimwa habari, na kwamba mwenye kuelewa uchaguzi wa mji wake kwa Kireno hushiriki zaidi kuliko asiyeelewa kwa lugha yoyote. Dinis mwenyewe, aliyepigiwa kura na Wareno tangu ujana wake, alijua umuhimu wa kura hizo.

## Baada ya Dinis

Edmund Dinis aliendelea kuwa na kituo hadi alipofariki mwaka 2010. Kifo cha mwenye mali ndicho kipindi cha hatari zaidi kwa redio ya lugha ya wachache, kwa kuwa kituo cha FM cha wati 50,000 karibu na Boston na Providence kina thamani kwa kampuni yoyote ya utangazaji, nayo si lazima ihitaji Kireno. Hata hivyo WJFD-FM ilibaki katika lugha hiyo chini ya wamiliki waliofuata.

Intaneti imebadilisha mazingira. Msikilizaji wa New Bedford anaweza sasa kufungua redio ya Ponta Delgada au Lisbon kwenye simu yake, na televisheni ya Ureno hupatikana kwa kebo na setilaiti. Habari za Ureno si bidhaa ya pekee tena. Zinazobaki kuwa za pekee ni habari za New Bedford kwa Kireno: mkutano wa halmashauri, bei ya samaki bandarini, dhoruba inayokaribia, msiba wa mtaa wa pili. Redio ya Lisbon haitazitangaza.

## Vituo vinavyofanana

Vituo vingine kadhaa vya Amerika ya Kaskazini vimetumia masafa yao kuhudumia watu wa Kireno, kila kimoja kwa njia yake.

* Katika bonde la kati la California, ambako watu wa Azori walikuja kufuga ng'ombe wa maziwa, KLBS ya Los Banos ilitangaza kwa Kireno kwenye AM.
* Karibu na San Jose, California, KSQQ ya Morgan Hill ilihudumia Wareno kwenye FM.
* Huko Toronto, Kanada, CHIN ilianzishwa na Johnny Lombardi mwaka 1966 ikiwa redio ya lugha nyingi, Kireno kikiwa mojawapo. Kanada ina aina maalumu ya leseni kwa redio za lugha za wahamiaji, ambayo huweka masharti ya lugha, Marekani haina.
* Katika eneo la Framingham, Massachusetts, WSRO inatangaza kwenye AM kwa Kireno cha Brazil.

Tofauti ya sheria kati ya Kanada na Marekani huonyesha njia mbili za kutatua jambo moja. Toronto lugha imeandikwa ndani ya leseni, na mwenye kituo hawezi kuiacha bila kurudi kwa mamlaka. New Bedford lugha imedumu hewani tangu mwaka 1975 kwa sababu wenye kituo wameendelea kuichagua na wasikilizaji wameendelea kuwepo.